Kupogoa na Kuunda Bonsai ya Fikasi: Mwaka wa Kwanza

Bonsai si aina ya mti. Ni mti wa kawaida uliodumazwa kwa mkasi na chungu, sanaa iliyoanzia China na kukuzwa Japani, ambako ilipata jina hilo: bon ni chombo kifupi mfano wa sinia, sai ni kupanda. Kwa anayeanza katika hali ya hewa yetu, mti wa kujifunzia ni fikasi yenye majani madogo, Ficus benjamina. Vitalu vingi vya maua wanayo, inakua karibu mwaka mzima, na inavumilia makosa mengi. Ni ndugu wa mkuyu. Ina tabia moja tu mbaya, na tutaifikia.

Kitaluni usichague kwa urefu, chagua kwa shina. Tafuta mche wenye shina nene kama kidole gumba au zaidi, pana chini na linalopungua kadiri linavyopanda, wenye matawi yanayoanzia chini. Fukua udongo wa juu kwa kidole, sentimita 2 hivi, uione mizizi. Iliyotawanyika pande zote ni mtaji; iliyojizungusha kwenye shina kama kamba italikaba baadaye. Fikasi za mashina matatu yaliyosukwa kama nywele ziache palepale. Zinapendeza sebuleni, lakini mashina yale huungana na kuvimba, na hutapata tena shina moja linalopungua vizuri kuelekea juu.

Ukiufikisha mti nyumbani utapukutisha majani. Fikasi hununa ikihamishwa, na wengi hudhani ina kiu, wakaijaza maji mpaka mizizi ikaoza. Iweke penye jua la asubuhi, usiihamishe tena, na subiri wiki 3 au 4 hadi itoe machipukizi mapya. Mti uliodhoofika haupogolewi.

Wakati mzuri wa mkato mkubwa ni mvua zinapoanza, iwe masika au vuli. Baridi ya Juni hadi Agosti katika miji ya miinuko kama Nairobi, Arusha na Mbeya hupunguza kasi ya kuchipua. Pwani tofauti ni ndogo. Kubadilisha chungu na kupunguza mizizi kuachwe angalau wiki 6 mbali na kupogoa. Ukikata juu na chini kwa pamoja, mti unakosa majani ya kutengenezea chakula na mizizi ya kunywea maji kwa wakati mmoja.

Vifaa ni vichache: mkasi wa kupogolea, mkasi mdogo mkali, plaizi ya kukatia waya, kitambaa kibichi na spiriti ya kufutia makali kabla ya kuanza. Kitambaa ni cha utomvu. Kila mkato utatoa maziwa meupe. Yafute au yapulizie maji yakome. Huwasha ngozi za baadhi ya watu, na yakikaukia kwenye nguo hayatoki, kwa hiyo vaa ya shambani.

Mkato wa kwanza

Weka chungu juu ya meza, macho yako yawe usawa wa katikati ya shina. Zungusha mti taratibu utafute uso wake, yaani upande ambao mizizi inaonekana vizuri na shina halikutolei tumbo. Tia alama kwenye chungu, kwa sababu maamuzi yote yanayofuata yanategemea upande huo.

Sasa pangilia matawi kichwani kabla ya kushika mkasi. Tawi la kwanza, nene kuliko yote, liwe ubavuni, karibu theluthi moja ya urefu wa mti kutoka chini. La pili liwe juu yake kidogo, ubavu wa pili. La tatu lielekee nyuma. Hilo ndilo linaloupa mti kina, na ndilo wanaoanza hulikata kwa kuwa hawalioni. Upande wa mbele, sehemu ya chini ya shina ibaki wazi.

Yanayoondoka ni tawi lililokufa, linalosimama wima juu ya tawi jingine, linaloning'inia chini, linalokatiza mbele ya shina, na linaloota upande wa ndani wa kona ya shina. Matawi mawili yaliyotazamana kwenye usawa mmoja, toa moja. Yakiwa matatu au zaidi mahali pamoja, hatari ni kubwa zaidi: pale patavimba na shina litakuwa nene juu kuliko chini, kasoro ambayo kuirekebisha huchukua miaka. Ukishatoa theluthi moja ya majani yote, weka mkasi chini hata kama bado una hamu.

Unapofupisha tawi, kata milimita 2 au 3 juu ya jani. Kwenye kwapa la jani kuna jicho, na chipukizi litakwenda kule jani lilikoelekea. Jani likitazama nje, tawi litakwenda nje. Hapa ndipo umbo linapotoka, kwa hiyo usikate popote mkasi ulipoangukia.

Na sasa ile tabia mbaya: fikasi hii ikikatwa tawi likabaki bila jani hata moja, mara nyingi tawi hilo hukauka mpaka kwenye shina. Ndugu yake mwenye majani mazito, Ficus microcarpa, huchipua kirahisi hata kwenye tawi kuukuu lisilo na majani, lakini benjamina usiiamini. Daima acha jani moja au mawili kwenye sehemu ya tawi inayobaki. Ukitaka kuondoa tawi zima lililo nene kuliko penseli, acha kisiki cha nusu sentimita, kikauke, kisha baada ya miezi michache ukisafishe usawa wa shina.

Baada ya hapo punguza maji. Majani machache hunywa kidogo. Chungu kilichokuwa kikimwagiliwa kila siku huenda sasa kikataka siku ya pili au ya tatu. Pima kwa kidole, si kwa kalenda. Mbolea ingoje macho yafunguke.

Kufunga waya

Waya hulishikilia tawi pale ulipolikunja hadi litulie. Ule laini wa alumini ndio rahisi. Usipoupata, waya wa umeme wa nyumba wa uzi mmoja mzito, wa milimita za mraba 1.5 au 2.5, unafaa kwa vitawi, na ukiachwa na plastiki yake hauumizi sana gome. Unene uwe kama theluthi moja ya unene wa tawi, urefu mara moja na nusu ya tawi.

Anza kwa kuzungusha waya mara moja au mbili kwenye shina, au utumie waya mmoja kwa matawi mawili ya jirani, ili uwe na pa kujishikiza. Usipojishikiza, ukikunja tawi waya unazunguka tu. Mizunguko iwe ya nyuzi 45, ikigusa gome bila kulibana, bila kufunika jani wala jicho. Kisha kunja kwa vidole gumba viwili, polepole, waya ukiwa upande wa nje wa kona. Upande huo ndio unaopasuka. Ukisikia mlio, simama hapohapo.

Fikasi hunenepa haraka. Kagua kila wiki, na mara waya unapoanza kuzama kwenye gome, utoe hata kama tawi halijatulia, ulifunge tena kwa njia nyingine. Mara nyingi huwa ni kati ya wiki 6 na 12. Ukate vipande vipande kwa plaizi, usiuzungushe kuutoa kwa kubana matumizi, maana ndivyo matawi yanavyovunjika.

Baina ya mikato

Acha kila chipukizi lifike majani 6 hadi 8, kisha lirudishe kwenye 2 au 3. Ukikata mapema mno tawi halinenepi. Ukichelewa, pingili zinarefuka na ndani kunabaki utupu. Kilele hutoa homoni ya auksini inayoyazuia macho ya chini, kwa hiyo kilele kikate mara nyingi na kwa ukali, matawi ya chini kwa upole. Anayekata kote sawasawa, kama ua wa michongoma, hupata mti wenye kichwa kinene na miguu iliyokonda. Na tawi la chini lililo jembamba kupita kiasi usiliguse kabisa: liache lirefuke hata nusu mita, likishanenepa ndipo ulirudishe kwenye jani la pili.