Mbwa Anaharisha, Bado Unamwekea Maziwa?

Malalamiko yanayonifikia kutoka Goba, Chanika na Kigamboni yamefanana kama mapacha. Mtoto wa mbwa kanunuliwa mwisho wa wiki, siku ya pili kaanza kuharisha, keshapewa dawa ya minyoo, keshapewa unga wa antibiotiki ya oksitetrasaiklini uliobaki kwenye banda la kuku, na bado anaharisha. Nikiuliza anakula nini, najibiwa kwa fahari: "Maziwa freshi, daktari, asubuhi na jioni, ili apate nguvu." Na ile dawa amepewa na nini? Na maziwa hayohayo.

Wafugaji wenzangu, hapo mnatupa pesa mara mbili. Kalsiamu ya maziwa inaikamata oksitetrasaiklini tumboni na kuizuia isiingie mwilini vizuri. Isitoshe, dawa hiyo huacha madoa kwenye meno ya mbwa anayekua. Na kama chanzo cha kuharisha ni maziwa, hata ingeingia yote isingesaidia kitu.

Sukari iliyomo kwenye maziwa inaitwa laktosi, na utumbo huivunja kwa kimeng'enya kinachoitwa laktezi. Mtoto wa mbwa huzaliwa nacho cha kutosha. Akishaachishwa ziwa, yaani kati ya wiki ya 6 na ya 8, kinapungua, na kwa mbwa wengine kinabaki kidogo mno. Laktosi isiyovunjwa huvuta maji kwenye utumbo, bakteria wanaichachua, gesi inajaa, tumbo linanguruma, na kinyesi kinatoka majimaji. Mara nyingi mambo yote haya huonekana ndani ya saa 12 tangu alambe bakuli. Ni kweli wapo mbwa wanaokunywa nusu lita na kulala fofofo. Ila wako anaharisha, kwa hiyo mbwa wa jirani asikuhusu.

Sasa nije kwenye ubishi ninaokutana nao kila mara.

"Nayachemsha." Chemsha, ni lazima, kwa sababu maziwa mabichi yanaweza kubeba vimelea vya brusela na kifua kikuu. Lakini laktosi haiondoki na mvuke. Inabaki yote sufuriani.

"Nachanganya na maji." Hapa tupige hesabu. Maziwa ya ng'ombe yana laktosi karibu gramu 4.8 katika kila mililita 100, na mafuta kati ya gramu 3.5 na 4. Maziwa ya mbwa jike yana laktosi gramu 3 na kitu, lakini mafuta yake yanafika gramu 9 hivi. Ili mtoto wa mbwa apate mafuta yaliyomo kwenye mililita 100 za mama yake, itabidi anywe mililita 250 za ng'ombe, kikombe kizima cha chai, ambacho kina gramu 12 za laktosi. Ukiongeza maji, kikombe kinakuwa viwili na laktosi ni ileile gramu 12. Ukimpa kimoja tu, umepunguza laktosi, ila umemlaza njaa.

"Nampa ya mbuzi." Tofauti ni ndogo sana. Maziwa ya unga ndiyo usiniambie kabisa: zaidi ya theluthi ya unga wenyewe ni laktosi.

Kwa hiyo dawa ya kwanza haiuzwi dukani. Sitisha maziwa kwa saa 48. Nikisema sitisha, simaanishi upunguze. Hesabu pia chai ya maziwa wanayomwagia watoto asubuhi, uji wa maziwa uliobaki, na maandazi yaliyochovywa kwenye chai. Nimekuta nyumba ambako baba ameacha kabisa na dada wa kazi anaendelea kimyakimya kwa huruma. Mwambie kila mtu ndani ya nyumba, mlinzi wa usiku asisahaulike.

Katika saa hizo kinachoua haraka ni upungufu wa maji, na joto la Dar es Salaam, hasa Januari na Februari, halitoi nafasi ya kusubiri. Koroga pakiti moja ya chumvichumvi za kuongeza maji mwilini (ORS) kwenye lita moja kamili ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Pima lita, usikadirie kwa jagi. Kama hatapiki, mpe kijiko cha chai kila dakika 10 hadi 15, kupitia pembeni ya mdomo. Mguse fizi: zikiwa kavu au zinanata kidole, amekaukiwa, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Chakula kiwe wali laini vipimo viwili na kuku wa kuchemsha asiye na ngozi wala mfupa kipimo kimoja. Usitie chumvi, na usitie kitunguu, ni sumu kwa mbwa. Gawa milo midogo minne au mitano. Mbwa mkubwa anaweza kupumzishwa tumbo kwa muda usiozidi saa 12. Mtoto wa mbwa usimfungishe, sukari yake ya damu inashuka haraka. Kinyesi kikishikana, rudi kwenye chakula cha kawaida polepole ndani ya siku 5 hadi 7.

Saa 48 zikipita bado anaharisha, tatizo si maziwa peke yake. Na ukiona damu, kutapika, au mbwa amelegea na hataki chakula, usihesabu saa hata moja. Inaweza kuwa parvo, ugonjwa hatari wa virusi unaoshambulia utumbo wa mbwa, hasa kama hajakamilisha chanjo, ambazo huanza wiki ya 6 hadi ya 8 na kurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afike wiki 16.

Wanaonililia kuhusu kalsiamu: dagaa wapo. Waloweke nusu saa, waoshe mchanga na chumvi, watwange pamoja na mifupa yao, uchanganye kidogo kwenye ugali wake.

Ukitaka lazima apate kitu cha maziwa, subiri wiki moja tangu apone, kisha tumia mtindi usiotiwa sukari wala ladha. Mimina kwenye kitambaa safi, uning'inize saa mbili au tatu kwenye friji. Maji yanayodondoka yanaondoka na sehemu ya laktosi, kwa hiyo yamwage. Usimpe mbwa, kama wengi wanavyofanya kwa kuona uchungu wa kutupa. Kilichobaki, mpe kijiko kimoja cha chai kwa siku kama ana uzito chini ya kilo 10, kwa siku tatu, ukiangalia kinyesi. Kikilegea, mtindi nao uishie hapo.

Watoto wa mbwa waliofiwa na mama kabla ya wiki 4 ni habari nyingine. Hao wanahitaji maziwa mbadala yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa mbwa, ya joto la nyuzi 37 hadi 38, kila baada ya saa 2 au 3 katika wiki ya kwanza, wakiwa wamelala kifudifudi. Ukiwalaza chali kama mtoto mchanga, maziwa yanaweza kuingia mapafuni.