Namna ya kukata rufaa unaponyimwa hadhi ya ukimbizi jijini Nairobi

Siku unayokabidhiwa barua ya kukataliwa, andika tarehe hiyo juu ya nakala yake, kwa sababu una siku 30 tu za kukata rufaa mbele ya kamati ya rufaa iliyoundwa chini ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021.

Kisha omba kwa maandishi sababu za uamuzi pamoja na kumbukumbu za mahojiano yako. Kifungu cha 47 cha Katiba ya Kenya kinampa aliyeathiriwa na uamuzi wa kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi, na barua inayosema tu kwamba maelezo yako hayaaminiki, bila kuonyesha ni maelezo gani, haijatimiza wajibu huo.

Kumbukumbu hizo zisome neno kwa neno ukiwa na mtu anayeijua vyema lugha uliyohojiwa kwayo. Tuseme mwombaji Mworomo kutoka Ethiopia anayeishi Eastleigh alieleza kwamba alikamatwa katika maandamano mwaka 2008, akihesabu kwa kalenda ya Ethiopia, naye mkalimani akautaja mwaka huo jinsi ulivyo. Kwa kalenda ya kawaida, mwaka huo ulianza Septemba 2015 na kuisha Septemba 2016, na maandamano makubwa ya Oromia yalianza Novemba 2015. Lakini afisa asiyeelezwa hivyo ataona mtu anayedai kukamatwa miaka saba kabla ya maandamano yenyewe. Ikiwa mwombaji hakuulizwa kuhusu hitilafu hiyo kabla ya uamuzi kutolewa, basi hakusikilizwa, na hoja hiyo ndiyo inayostahili kutangulia katika rufaa.

Wengi huandika upya masaibu yao yote kwa uchungu, jambo linaloeleweka kabisa, ila rufaa hupata nguvu inapotaja ukurasa, kilichoandikwa, ulichosema hasa, na iwapo ulipewa nafasi ya kujibu. Mashirika ya Kituo cha Sheria na Refugee Consortium of Kenya husaidia wakimbizi katika masuala ya kisheria, kwa hiyo watafute mapema, muda ungalipo.

Unapowasilisha rufaa, hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wenye tarehe. Usikimbilie Mahakama Kuu kabla ya kamati kuamua, kwa kuwa Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya mwaka 2015 huitaka mahakama, kwa kawaida, isisikilize shauri ambalo njia zake za ndani, kama rufaa hii mbele ya kamati, hazijakamilishwa.