Hifadhi kabla umeme haujakatika

Ukifungua Word, usianze kuchapa. Bonyeza Ctrl na S kwanza, uipe faili jina linaloeleweka, mfano "Barua ya kazi Mei", si "aaa" kama wateja wa steshenari yangu wanavyopenda. Kisha chapa, na kila aya ikiisha rudia Ctrl na S. Unachokiona kwenye skrini kinakaa kwanza kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, na RAM husahau yote umeme ukikatika. Diski ndiyo inayotunza. Mimi nilipoteza kurasa 14 za ripoti ya mwanachuo, mwenyewe kakaa pembeni, saa mbili usiku. Sikumlipisha.

Flashi je? Hifadhi kwenye kompyuta, nakili mwishoni, na kabla ya kuichomoa bofya alama yake karibu na saa ya kwenye skrini, usubiri ruhusa.