Kutoka Wazo hadi Hadithi Fupi: Hatua Ninazozifuata

Hatua ya kwanza ni kulipokea wazo bila kulifanyia pupa. Nikisubiri pantoni Magogoni ili nivuke kwenda Kigamboni, nilimwona bibi mmoja aliyebeba saa ya ukutani iliyofungwa kwa kanga, ambaye kila mara aliifunua kidogo na kuitazama ilhali mishale yake haikuwa inatembea. Niliandika sentensi moja tu daftarini. Picha ya namna hiyo haijawa hadithi mpaka ujue mhusika anataka nini na ni nani atakayemnyima.

Hatua ya pili, kwa hiyo, ni kuitafuta haja hiyo pamoja na kizuizi chake. Niliamua kwamba bibi anampelekea mwanawe saa ya marehemu baba yake, naye mwana amekwisha kuapa kuwa kitu cha baba huyo hakitaingia nyumbani kwake. Kazi zao, mtaa na rangi ya mlango vilijitokeza nilipokuwa nikiandika.

Tatu, andika rasimu nzima bila kurudi nyuma kusahihisha.

Hatua ya nne ndiyo inayokula muda wangu mwingi: kuisoma rasimu kwa sauti, kalamu mkononi. Chunguza kwanza kiambishi -ka-, kwa kuwa mfululizo wa “akashuka, akavuka, akabisha hodi” huikimbiza hadithi hata pale inapopaswa kusimama. Niliandika kwamba mwana “akafungua mlango, akaiona saa, akanyamaza”, na tukio zito kuliko yote likapita bila kuuma. Nikaandika upya: “Alifungua mlango. Saa aliiona kabla ya kumwona mama yake.” Chunguza pia nafsi, maana katika “alimwambia hajui” msomaji hawezi kutambua asiyejua ni nani, taja jina, au sema mama, sema mwana. Kisha futa maelezo ya hisia ambayo mazungumzo yanaweza kuyabeba: “alikasirika sana” niliiondoa, nikamwacha mama amesimama kizingitini akingoja shikamoo isiyokuja.

Mwisho, ilaze rasimu kwa wiki 2, kisha uutazame ufunguzi bila huruma. Mimi niliukata ukurasa wote wa pantoni, ingawa ndio uliozaa wazo. Baada ya hapo mpe msomaji mmoja unayemwamini, na badala ya kumwuliza kama ameipenda, mwombe aweke alama mahali alipoacha kuiamini hadithi. Wangu aliiweka kwenye aya ya mwisho, ambamo saa ilianza kutembea yenyewe. Aya hiyo niliifuta usiku uleule.