Kabla hujawapima wanafunzi: mambo ya kuzingatia kwa wanaokwenda kufanya utafiti mashuleni Nyanda za Juu Kusini

Kila mwaka wanafunzi wa vyuo vya Iringa na Mbeya, pamoja na walimu waliorudi kusoma shahada ya uzamili, huingia mashuleni na madodoso. Wengine wanataka kujua kwa nini mtoto mmoja anashika somo upesi na jirani yake wa dawati hashiki. Wengine wanatafuta uhusiano kati ya haiba ya mwanafunzi na matokeo yake, au mbinu ya kujisomea inayokaa kichwani muda mrefu. Maswali hayo tunayahitaji sana huku kwetu, kwa sababu saikolojia tunayofundishwa imejengwa juu ya watu wa mbali. Mwaka 2010 Joseph Henrich na wenzake waliandika kuwa asilimia 96 ya washiriki wa tafiti kwenye majarida makubwa ya fani hii walitoka nchi zenye asilimia 12 tu ya watu wote duniani. Mtoto wa Makete au wa Mbozi hayumo humo. Ukienda kumpima, hakikisha alama utakayoandika ni yake kweli, siyo ya baridi, ya woga, wala ya sentensi uliyoitunga vibaya. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika kabla hujaondoka chuoni.

Vibali nitavipitia haraka, kwa kuwa msimamizi wako atakueleza utaratibu. Kwa kawaida barua ya utambulisho ya chuo huenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha halmashauri, kisha Afisa Elimu, ndipo ufike kwa mkuu wa shule. Anza mapema na utoe nakala za kutosha.

Ridhaa inahitaji uangalifu zaidi. Kisheria mtu wa chini ya miaka 18 ni mtoto, kwa hiyo mzazi au mlezi ahusishwe, na kwa shule ya bweni ambayo wazazi wako mbali, kubaliana na kamati ya maadili ya chuo chako mapema namna ya kuwafikia. Baada ya mzazi kuna mtoto mwenyewe. Mwanafunzi aliyeitwa ukumbini na mwalimu wa zamu hajui kama anaruhusiwa kukataa. Mwambie wewe kwa mdomo wako, mwalimu akiwa ametoka, kwamba anaweza kuacha wakati wowote na hakuna atakayemwuliza. Andaa pia kitu cha kufanya kwa watakaokataa, hata kama ni kitabu cha hadithi, ili mtoto asilazimike kujaza dodoso kwa kuona aibu ya kukaa bure.

Halafu tazama kalenda, ukiwa na mwalimu wa taaluma wa shule husika. Septemba ni mtihani wa darasa la saba, Novemba ni wa kidato cha pili na cha nne, na wiki za kabla yake mitihani ya majaribio huwa imejaa. Mvua za huku huanza kati ya Novemba na Desemba na kuendelea mpaka Aprili au Mei, na upande wa Rungwe huwa hazina mchezo. Kupanga tarehe ni kuzito zaidi kwa anayechunguza kumbukumbu, kwa kuwa jibu hutegemea umepima lini.

Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo nchini Marekani vifungu vya kusoma. Kundi moja lilisoma kisha likarudia kusoma. Jingine lilisoma mara moja, kisha likafunika karatasi na kuandika kila linachokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele, asilimia 81 kwa 75. Walipopimwa baada ya wiki moja, mambo yaligeuka: waliojijaribu bila kutazama walikumbuka asilimia 56, na waliorudia kusoma 42. Sasa fikiria umekwenda shule moja ya Kilolo mara moja tu, ukapima siku hiyohiyo, ukarudi mjini kuandika ripoti. Utawaambia walimu warudie kusoma na watoto, na utakuwa umewapa ushauri wa kinyume.

Kwa hiyo panga safari ya pili kabla ya ile ya kwanza. Uliza siku ya gulio ni ipi, maana siku hiyo madawati ya nyuma hubaki wazi. Uliza viazi vinavunwa lini na parachichi zinachumwa lini. Wanaokosekana hawakosekani kwa bahati nasibu: mara nyingi ni watoto wa nyumba zenye uhitaji zaidi, na wasipokuwepo kwenye kipimo cha pili, wastani wako unapanda bila mtu yeyote kukumbuka zaidi. Weka daftari la mahudhurio la kwako, pamoja na siku ya tatu ya kuwafuata waliokosa.

Nikija kwenye dodoso lenyewe, hasa la haiba, naomba usiliamini kwa sababu tu limetumika kwingine. Mwaka 2019 Rachid Laajaj na wenzake walichapisha uchambuzi wa majibu ya zaidi ya watu 94,000 kutoka nchi 23 za kipato cha chini na cha kati. Maswali ya kawaida ya sifa tano kuu za haiba (upokeaji wa mambo mapya, umakini kazini, uchangamfu, upole na wasiwasi), yalipoulizwa ana kwa ana, mara nyingi hayakupima kile yaliyodhaniwa kupima. Sababu mojawapo ni tabia ya kukubali kila linaloulizwa, na sisi tuliokulia kwenye adabu ya kutompinga mkubwa tunaifahamu vizuri.

Chukua sentensi hii: "Mimi si mtu wa kuacha kazi bila kuimaliza." Anayemaliza kazi zake anatakiwa aweke alama kwenye "nakubali". Lakini mpe binti wa kidato cha pili aisome kwa sauti, umwombe aieleze kwa maneno yake. Atasoma, atarudi mwanzo, kidole kitasimama kwenye "si", kisha kwenye "bila", na mwishowe atachagua "sikubali" huku akikueleza kwamba yeye huwa anamaliza kazi. Karatasini ameandikwa mvivu. Ibadilishe iwe "Nikianza kazi, huimaliza", na sentensi za upande wa pili ziandike bila kukanusha: "Huacha kazi njiani." Fanya zoezi hili na wanafunzi kumi hivi wa shule ambayo haimo kwenye sampuli yako. Wachanganye: wanaoongoza na wanaoburuza mkia, wa mjini na wa kijijini. Wapo waliokulia kwenye Kisafwa, Kinyakyusa, Kikinga au Kihehe, na Kiswahili wakakipata shuleni. Wa sekondari umwulize kwa Kiswahili hata kama masomo yake ni ya Kiingereza, isipokuwa Kiingereza ndicho unachokipima.

Kwa vipimo vya uwezo, anza na kujiuliza mtoto huyu mikono yake imezoea nini. Robert Serpell, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1979, aliwapa watoto wa Zambia na wa Uingereza kazi ya kunakili maumbo. Kwa penseli na karatasi Waingereza walifanya vizuri zaidi. Kwa waya, Wazambia walikuwa mbele. Kwa udongo walilingana. Ukivuka Tunduma unakutana na watoto walewale wanaotengeneza magari ya waya, na upande wetu wa mpaka wapo pia. Bagamoyo nako, Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao waliwapima watoto 358 wa shule, wakawafundisha kwa muda wa chini ya saa moja namna ya kukabili maswali ya aina ile, wakawapima tena. Alama zilipanda, na kilichopatikana baada ya mafundisho kilieleza uwezo wa mtoto vizuri kuliko alama ya kwanza. Huo ni utafiti wa nchini kwetu, uliochapishwa mwaka 2002, na unatupa utaratibu wa kufuata: weka maswali ya mazoezi, fundisha, na usianze kuhesabu alama mpaka kila mtoto ameelewa anatakiwa afanye nini.

Juni na Julai, saa moja na nusu asubuhi, madarasa ya Uporoto au ya Kitulo huwa na baridi ya kuuma. Vidole vimekakamaa, wengine wamefunga mikono ndani ya sweta, na baadhi wametembea umbali mrefu kwenye ukungu bila kula. Usianze kipimo chenye saa ya kuhesabu wakati huo. Omba kipindi cha baada ya uji, saa nne na kuendelea, jua likiwa limeingia darasani, na shule zote uzipime saa hiyohiyo. Vinginevyo utaandika kwamba watoto wa milimani ni wazito kuliko wa Usangu, na atakayesoma ataamini. Beba penseli zilizochongwa za akiba. Kalamu moja kati ya watoto wawili ni kawaida, na anayesubiri kalamu anapoteza dakika zake.

Jambo la mwisho la kupanga ni majina na majibu. Mpe kila mtoto namba, na orodha inayounganisha namba na jina uifungie mbali na karatasi za majibu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu na wewe. Mkuu wa shule atakuomba alama za mmoja mmoja, na ataomba kwa nia njema kabisa. Mkubaliane tangu siku ya kwanza, kwa maandishi, kwamba hatazipata. Alfred Binet, mwanasaikolojia aliyetoa kipimo chake cha akili pamoja na Théodore Simon mwaka 1905 huko Paris, alikusudia kuwatambua watoto wanaohitaji msaada, na alipinga wazo kwamba akili ya mtu ni kiasi kisichobadilika. Alama ikishatoka kwenye faili lako ikaingia ofisi ya walimu, hutaweza kuzuia mtoto asipangiwe dawati, mkondo na matarajio kutokana na asubuhi moja. Unachoweza kuipa shule ni ukurasa mmoja kwa Kiswahili chepesi, unaoeleza darasa zima limeonyesha nini na mwalimu ajaribu nini. Tenga nauli ya kuupeleka mwenyewe, na uiweke kwenye bajeti sasa, kabla pesa ya utafiti haijaishia kwenye mafuta na kurudufu madodoso.