Wiski kwenye joto la Mombasa: namna ya kuionja, kuigawana na kuieleza

Maelekezo mengi ya kuonja wiski yameandikwa na watu wa nchi za baridi. Wakisema "joto la chumba", wana maana ya nyuzi 18 au 20. Sebule ya Tudor au Bamburi mwezi wa Machi, saa mbili usiku, ina nyuzi 29 au 30, na makosa yanaanzia hapo. Kwenye joto hilo pombe ndiyo inayotangulia puani, tena kwa nguvu. Matunda, asali na moshi husukumwa nyuma. Mtu ananusa, pua inamwasha, kisha anawaandikia wenzake kwamba chupa ni kali tu, haina kitu. Chupa haina kosa lolote. Imeonjwa moto.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kupoza. Lenga nyuzi 20 hadi 22 wakati wa kumimina, kwa sababu glasi itapanda hadi 25 na zaidi kabla hujaimaliza. Njia ya haraka ni karai la maji yenye barafu: chupa kubwa ikae humo dakika 8 hadi 10, kichupa cha mililita 30 dakika 2 tu. Kwenye friji chupa iliyojaa huchukua saa nzima na zaidi, kwa kuwa hewa baridi hupoza polepole kuliko maji. Friza usiiguse. Wiski iliyoganda baridi hufunga harufu zake, utanusa glasi tupu. Chupa ivishwe mfuko wa plastiki kabla ya kuingia majini, la sivyo lebo itabanduka, na uifute shingo kabla ya kumimina kwa sababu kwa unyevu wa pwani itatoa jasho papo hapo. Kipimajoto cha jikoni kinatosha kabisa; ukishapima mara tatu nne, mkono utazoea.

Jambo la pili ni feni. Pangaboi likizunguka juu ya meza hufagia harufu kabla haijafika puani, na roshani yenye upepo wa kusi ni hivyo hivyo. Lizime wakati wa kunusa, liwashe wakati wa mazungumzo. Kabla ya hapo, ondoa kila kinachonuka chumbani. Dawa ya mbu ya kuchoma, ubani na udi uliofukizwa alasiri hukaa kwenye mapazia kwa saa nyingi, na kikao kizima kinaweza kuandika "moshi" juu ya wiski isiyokuwa na moshi hata kidogo. Ikiwa mbu ni wengi, tumia chandarua cha dirisha au jipake mafuta miguuni, mikono uiache bila harufu.

Glasi iwe na tumbo pana na mdomo mwembamba. Glencairn, iliyoanza kuuzwa mwaka 2001, imetengenezwa kwa kazi hii, lakini glasi ndogo ya mvinyo hufanya kazi vilevile. Ishike chini, kwenye kitako au mguu wake, maana kiganja chako kina nyuzi thelathini na kitu. Isuuze kwa maji ya moto kabla ya kuitumia, hata kama ni safi: glasi iliyokaa kabatini hunuka kabati, na kabati lenye vidonge vya kufukuzia mende ndilo baya zaidi.

Mimina mililita 15. Aina nne kwa jioni moja zinatosha, jumla mililita 60. Baada ya hapo ulimi umechoka na unachoandika hakina maana tena. Anza na nyepesi umalizie na nzito: Jameson au Glenfiddich 12 mwanzo, zilizokaa kwenye mapipa ya sheri (mvinyo mkali wa Hispania) katikati, za moshi mwisho kabisa. Ukiitanguliza Laphroaig, yenye moshi mzito, zote zinazofuata zitakuwa Laphroaig. Kati ya glasi na glasi, kula mkate mtupu au korosho zisizotiwa chumvi. Viazi karai, achari na mabuyu ya pilipili vingoje kikao kiishe, na mahamri yana iliki itakayokufuata hadi glasi ya mwisho. Anayeendesha gari achukue sampuli yake akanywee kwake.

Maji yanastahili uangalifu kuliko watu wengi wanavyoyapa. Maji ya kisima katika sehemu nyingi za Mombasa yana chumvi, na ya mfereji huweza kunuka klorini. Yote mawili yanaonekana wazi kwenye glasi ndogo. Tumia maji ya chupa, na barafu pia itengenezwe kwa maji hayo, kwenye trei yenye kifuniko, maana friza ya nyumba ya pwani haikosi samaki. Usikadirie kwa jicho. Nunua sirinji ya mililita 2 au 5 kwenye duka la dawa, bila sindano. Hesabu yake ni hii: zidisha ujazo wa wiski kwa asilimia yake ya pombe, gawanya kwa asilimia unayoitaka, kisha toa ujazo wa mwanzo. Mililita 15 za asilimia 57 ukizitaka zishuke hadi 46: 15 mara 57 gawanya kwa 46 ni 18.6, basi ongeza mililita 3.6. Ongeza nusu mililita kwa nusu mililita, na unuse kila mara. Ukizidisha huwezi kurudi nyuma.

Wiski iliyo chini ya asilimia 46 ambayo haikuchujwa kwa baridi kiwandani inaweza kuingia wingu ukitia maji au barafu. Hayo ni mafuta ya asili ya wiski yanayojitenga. Haijaharibika, inywe.

Sasa maneno, ambayo ndiyo kazi yenyewe. Kumwambia mwenzako "nanusa vanila na tofi" ni kumpa maneno ya watu wengine. Pua iliyokulia pwani ina kamusi pana kuliko hiyo, na mahali pa kuanzia ni nazi. Mwaloni wa Marekani una kemikali inayonuka nazi, na sheria ya Marekani inataka bourbon, wiski ya huko, itengenezwe kwa nafaka ambazo angalau asilimia 51 ni mahindi, ikae kwenye mapipa mapya yaliyochomwa ndani. Mapipa hayo yakishatumika, mengi huuzwa Uskoti, ambako wiski lazima ikae kwenye mwaloni kwa muda usiopungua miaka 3. Ndiyo sababu nazi utaikuta kwenye chupa nyingi sana, ikiwa na sura tofauti kila mara. Kuandika "nazi" tu ni kazi nusu. Ni maji ya dafu, yaani utamu mwepesi unaokaribia majani? Ni koroma, yenye ubichi kidogo? Ni tui la kwanza, zito na la mafuta? Ni mbata, iliyokauka na kuanza kuwa chachu kwa mbali? Au ni kashata iliyoungua ukingoni? Bourbon nyingi ziko upande wa kashata. Wiski nyepesi za nafaka zilizokaa kwenye pipa lililotumika zinaelekea kwenye dafu. Mtu wa Kisauni akisoma "mbata" anajua mara moja unachosema, na hiyo ndiyo maana ya kuandika.

Moshi nao una namna nyingi. Baadhi ya wiski za Uskoti hutengenezwa kwa shayiri iliyokaushwa kwa kuchoma piti, udongo mweusi wa mabwawani uliojaa mimea iliyooza. Tofautisha mkaa uliokolea, kuni mbichi, kifuu cha nazi kinachoungua, ng'onda aliyeanikwa, na dawa ya jeraha. Laphroaig iko kwenye dawa na bandeji, Talisker iko kwenye kuni na pilipili manga, Ardbeg ina masizi na limau. Kuna watu wanaolinganisha moshi kwa namba, yaani sehemu ngapi za fenoli, kemikali za moshi, kwa kila milioni, kama vile Ardbeg kuwa karibu 55 na Laphroaig kati ya 40 na 45. Namba hizo hupimwa kwenye shayiri kabla ya kukenekwa, na sehemu kubwa ya moshi hupotea njiani. Usizitegemee kukuambia glasi ipi ni nzito zaidi.

Wiski za mapipa ya sheri zitafute kwenye tende, zabibu kavu, halua nyeusi, kungumanga, ganda la chungwa lililokaushwa. Ukikuta harufu ya kiberiti kilichowashwa sasa hivi, iandike pia. Mara nyingi hutoka kwenye mapipa hayo, na wengine wanaipenda.

Maelezo yako yawe na mambo yanayomwezesha mwenzako kurudia ulichofanya: jina kamili, umri ukitajwa, asilimia, chupa ilifunguliwa lini, imebaki kiasi gani, joto la glasi, maji kiasi gani. Bila hayo, watu wawili hubishana kumbe mmoja amekunywa chupa mpya kwenye nyuzi 20 na mwingine robo ya mwisho kwenye nyuzi 31. Mfano:

"Talisker 10, asilimia 45.8. Imefunguliwa Januari, imebaki nusu. Glasi nyuzi 22. Puani: moshi wa kuni mbichi, ganda la limau, pwani maji yakiwa yamekupwa. Mdomoni: sukari guru mwanzo, chumvi katikati, pilipili manga inapanda kooni baada ya kumeza. Mililita 1 ya maji kwa 15: utamu umeongezeka, pilipili imerudi nyuma. Naipenda zaidi bila maji."

Hukumu iwe mstari wa mwisho na iwe yako. Alama za kuhesabiwa juu ya mia hazisaidii mtu kujua kama ataipenda.

Kwa kuchanga chupa, mililita 700 hutoa vichupa 23 vya mililita 30 kwenye karatasi, lakini faneli na matone hula kimoja, kwa hiyo gawanya bei kwa 22. Mnagawana gharama tu. Kuuza pombe bila leseni ni kosa. Vichupa viwe vya kioo na vipya. Kichupa cha dawa ya kikohozi hakisafishiki hata ukikichemsha mara ngapi, na cha vanila vilevile. Mfuniko wenye koni ya plastiki laini ndani hubana kuliko ule wenye karatasi. Zungushia shingoni ule utepe mweupe wa mafundi bomba mara mbili, upande wa kufungia, ndipo ufunge. Jaza hadi karibu na shingo lakini acha nafasi ya kidole kimoja: wiski hupanuka ikipata joto, na kichupa kilichojaa hadi juu kitavuja kwenye buti ya gari lililokwama kwenye foleni ya feri ya Likoni mchana. Andika lebo kwa kalamu ya risasi, kwa sababu tone moja la pombe hufuta wino.

Chupa kubwa isimame wima daima. Ikilazwa, pombe hula kizibo. Iweke kabati la chini kwenye ukuta wa ndani, mbali na dirisha, mbali na dari ya mabati, mbali na jiko. Wiski ya asilimia 40 huanza kutoa mvuke unaoweza kushika moto kwenye nyuzi 26 hivi, joto ambalo Mombasa tunalo karibu mwaka mzima. Mvua za masika zikianza, toa chupa kwenye maboksi ya karatasi, maana huota ukungu na ukungu huhamia kwenye vizibo. Chumba kinachowashwa kiyoyozi usiku na kuzimwa mchana hukausha kizibo na kukipanua kwa zamu hadi kikatike. Mara moja kwa mwezi inamisha chupa sekunde chache ili kizibo kilowe. Kikikatika, chuja kwa karatasi ya kahawa na ufunge kwa kizibo cha chupa iliyokwisha; tunza viwili vitatu kwa ajili hiyo. Chupa ikishuka chini ya theluthi, ihamishie kwenye kioo kidogo. Za moshi ndizo zinazofifia upesi.

Wakati wa kununua, soma stempu ya ushuru kwa programu ya Soma Label ya KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, ukiwa bado dukani. Kuna wanaopima kwa kipimapombe cha kioo wakitafuta iliyotiwa maji. Kifaa hicho kimesanifiwa kwa nyuzi 20, na kikisoma 40 kwenye nyuzi 30, nguvu halisi ni karibu 36. Kwa hiyo poza kwanza, ndipo upime. Hakuna kipimo cha nyumbani kitakachokuonyesha methanoli, wala pua haiitambui. Muhuri ukiwa umechezewa, acha chupa hapo.

Mkimaliza, acha glasi moja ya kila wiski bila kuosha, ifunikwe kwa kisahani kwa sababu ya sisimizi. Asubuhi pombe imeshaondoka na kilichobaki ni pipa na moshi tu. Nusa, kisha ongeza mstari mmoja kwenye maelezo yako ya jana.