Jinsi ya kupata kazi nje ya kilimo kupitia watu unaofahamiana nao

Anayetafuta kazi isiyo ya shamba akiwa kijijini huanza kwa ndugu, na si ajabu, kwa kuwa ndugu ndio wenye uchungu naye. Shida ni kwamba ndugu na majirani hulima palepale unapolima wewe na kusikia yaleyale unayoyasikia, hivyo siku usipokuwa na habari ya kazi, nao hawana. Nafasi nyingi za kijijini hazibandikwi ukutani: mwenye mashine ya kukoboa au msimamizi wa ujenzi humwuliza aliye karibu naye, na jioni hiyohiyo nafasi inakuwa imekwisha kujazwa.

Mwanasosholojia Mark Granovetter wa Marekani alilionyesha jambo hili mwaka 1973. Miongoni mwa aliowahoji ambao walipata kazi kupitia mtu wanayemfahamu, takriban asilimia 17 tu walikuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Wengine walikutana naye mara mojamoja au kwa nadra sana. Ni kweli kwamba aliwahoji wenye taaluma wa kitongoji cha Boston, wala si wakulima, lakini naona hoja yake ina uzito zaidi kijijini, mahali ambapo watu wa karibu hufanana mno kwa shughuli zao.

Kwa hiyo chukua karatasi na uandike majina ya watu wote unaoweza kuwasalimu kwa majina yao, kisha ufute kila anayeishi kwa jembe katika eneo lako. Watakaobaki, hata wakiwa wachache, ndio wa kuanza nao: dereva wa lori la mazao, fundi mwashi anayezunguka vijiji, muuguzi, mwalimu, uliyesoma naye akahamia mjini. Watu hawa huvuka mipaka ya kijiji kila wiki, na habari huvuka pamoja nao.

Unapomwendea mmojawapo, usimwambie, "Ukisikia kazi yoyote unikumbuke." Ataitikia kwa adabu na kusahau kabla hujafika mbali, kwa sababu "yoyote" haimpi kitu cha kukumbuka. Sema hivi: "Nimejifunza kuchomelea vyuma kwa fundi kwa mwaka mmoja, nimeshatengeneza milango na madirisha, na ninaweza kuanza mara tu baada ya mavuno. Unamfahamu mwenye karakana ninayeweza kwenda kumwona?" Tarehe ya kuanza usiiache, maana waajiri wengi wanaogopa, na mara nyingine wana haki, kwamba mwanakijiji atatoweka mvua za kwanza zikinyesha. Kama una palizi ya kumalizia, iseme mapema.

Elewa pia kwamba anayekupendekeza anaweka jina lake rehani. Katika jaribio lililofanyika Kolkata, India, na kuchapishwa mwaka 2012, watu walioambiwa kwamba malipo yao yangetegemea utendaji wa waliowapendekeza waliwaleta ndugu zao kwa uchache zaidi, wakawaleta zaidi watu waliofanya nao kazi. Usichukie, basi, mjomba akisitasita, mpe ushahidi. Picha za kazi ulizozifanya na namba ya mteja aliye tayari kuulizwa humtuliza kuliko kumkumbusha udugu. Na kama huna mteja bado, omba kibarua cha siku mbili tatu kwa mtu atakayekubali kuulizwa baadaye, ili apatikane mtu aliyekuona ukifanya kazi.

Kwa mwanamke njia hii ina kikwazo chake. Jaribio jingine, la Malawi, lilionyesha kwamba wanaume walioachiwa uhuru wa kumpendekeza wamtakaye waliwaacha nyuma wanawake, ingawa waliwafahamu wanawake wenye sifa. Kusubiri kukumbukwa na wanaume pekee, basi, ni kupoteza muda. Watafute wanawake ambao tayari wana ajira au biashara, ukianzia na vikundi vya kuweka na kukopa, ambamo mkulima, mshonaji na mwalimu huketi pamoja.

Mtu akidai fedha ili akuunganishe na mwajiri, lakini hataki umwone mwajiri huyo kwa macho, achana naye.

Hatimaye, rudi kwa aliyekuelekeza ndani ya siku chache, hata ukiwa umekataliwa, umweleze kilichotokea na kile mwajiri alichosema kinakosekana. Hapohapo muulize ni nani mwingine anayemfahamu, kisha uandike jina hilo kwenye karatasi yako.